Ishara Ikikosewa Jina, Hailalamiki

Wenzangu wa Elimu tunaosoma Kompyuta kama somo la kufundishia, na nyie wa TEHAMA mnaotucheka tukiandika Python, hili linatuhusu wote.

Ukitumia Flask, chini yake kuna Blinker, maktaba ndogo ya kusambaza ishara. Sehemu moja ya programu inatangaza kwamba jambo limetokea, na zile zilizojiandikisha zinasikia. Ishara yenyewe unaitengeneza kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwa jina: signal('matokeo-tayari'). Ukiandika jina hilohilo kwenye faili nyingine, unapata ishara ileile. Tamu kweli, maana mafaili hayo mawili hayahitaji kujuana. Ya pili ni bila jina: matokeo_tayari = Signal(), halafu kila anayeihitaji anaichukua kwa import.

Wengi wanakimbilia ya kwanza kwa sababu ni fupi. Mimi nasema, kwa miradi yetu huo ni mtego. Andika 'matokeo_tayari' mahali pa 'matokeo-tayari', uone. Blinker haigombi. Inakutengenezea ishara mpya kabisa, unatuma, inarudisha orodha tupu, basi. Programu inaendelea kama kawaida, ila mzazi hapati ujumbe wa matokeo ya mwanawe, na mwalimu anaapa kwamba ameutuma. Kwa njia ya pili, ukikosea herufi, Python inasimama palepale na kukwambia jina hilo halipo. Bora kosa linalopiga kelele.

Kuna atakayesema majina yana faida yake, na ni kweli. Lakini angalieni Flask yenyewe. Ishara zake, kama request_started, zina majina, ila zimewekwa ndani ya Namespace yao zisigongane na zako, na sisi tunazichukua kwa import. Hakuna anayeandika jina upya kwa mkono. Django nayo ishara zake hazitafutwi kwa jina. Unatengeneza Signal() na kuipa kigeu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo: kila mradi uwe na faili moja, ishara.py. Ishara zote zitangazwe humo, kila moja na mstari unaoeleza nani anaituma na inabeba nini. Kesho kutwa tutasimama mbele ya darasa, na wanafunzi wataiga tunavyoandika, siyo tunavyosema.