Nadharia Mpya Isimtupe Einstein

Wenzangu, nasikia mkisema eti Einstein alimfuta Newton mwaka wa 1915. La, jamani! Uvutano ukiwa hafifu, hesabu za Einstein huzaa zile zile za Newton tunazozifanya darasani.

Basi na wanaounganisha uvutano na fizikia ya kwanta wapimwe vivyo hivyo. Mwaka wa 2001 Martin Bojowald alionyesha, kwa nadharia ya vitanzi, kuwa hesabu hazikwami pale mwanzo wa ulimwengu. Tamu kweli! Lakini mimi huuliza: ulimwengu ukishapanuka, je, yatupa tena mlinganyo wa upanukaji alioutoa Friedmann mwaka wa 1922 kutokana na Einstein? Katika mifano sahili, yatupa. Katika nadharia nzima kazi haijakamilika, nami makofi sijapiga.