Salamu njema si dhamana

Mwezi uliopita alitujia jirani yetu mmoja, mzee mstaafu, ameishika simu yake kwa mikono miwili. Alitaka tumsaidie kujibu barua pepe. Mwandishi wa barua hiyo alianza kwa Assalaam alaykum, akajitambulisha kuwa ni mjane mgonjwa mahututi asiye na mtoto, anayetafuta mtu mwaminifu wa kumkabidhi mali ya marehemu mumewe ili ijenge msikiti na kulea yatima. Tulipomweleza kuwa huo ni ulaghai, mzee aliinamisha kichwa. Kumbe alikwisha kutuma fedha mara mbili: kwanza ada ya wakili, kisha ada ya benki. Nyumbani kwake hakuna aliyejua.

Ulaghai huu ni mkongwe kuliko kompyuta. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipelekewa barua za posta zilizodai kuwa yuko mfungwa tajiri gerezani Hispania, ambaye angemgawia hazina yake yeyote atakayegharamia kufunguliwa kwake. Kilichobadilika ni gharama. Zamani kila barua ilihitaji stempu. Leo tapeli hutuma maelfu kwa mara moja karibu bila ya kulipa kitu, na akijibu mmoja tu, amekwisha kupata chumo lake la haramu.

Tusidhani kuwa wanaonaswa ni wajinga. Barua ya mjane humnasa mwenye huruma. Ile isemayo akaunti yako itafungwa leo humnasa mwenye hofu. Ile ya kazi ughaibuni humnasa kijana asiye na ajira. Nyingi kati yake zina alama mbili: haraka na siri.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari inapoletwa na fasiki. Sembuse habari ya mtu tusiyemjua kabisa? Jina linaloonekana juu ya barua pepe mtumaji huliandika apendavyo. Tuitazame anwani yenyewe, hasa kinachofuata baada ya alama ya @. Herufi moja ikiongezwa, au sifuri ikikaa mahali pa herufi o, hiyo ni anwani nyingine. Tusifungue kiambatisho wala kubofya kiungo. Barua ikidai imetoka benki, tupige simu kwa namba iliyo kwenye kadi yetu, si iliyo ndani ya barua. Wala tusijibu, hata kwa kukemea, kwani jibu humhakikishia tapeli kuwa anwani ile ina mtu. Tuiwekee alama ya barua taka, basi.

Aliyekwisha kutuma fedha asifute kitu. Aiarifu benki au kampuni ya simu mara moja, abadilishe nywila, kisha apeleke ushahidi polisi. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo inautambua udanganyifu huu kuwa ni jinai.

Tulimuuliza mzee kwa nini hakumshirikisha mwanawe, kijana anayezijua vyema kompyuta. Akajibu: “Angenicheka.”

Jibu hilo lilituuma kuliko hasara yenyewe. Tapeli alimwambia afanye siri, na hofu ya kuchekwa ikaitunza siri hiyo. Kila tunapomkejeli mzazi aliyebofya pasipostahili, tunamfundisha kunyamaza safari ijayo. Basi na tuwekeane ahadi majumbani mwetu: asitume mtu fedha wala namba ya siri kwa sababu ya barua kabla ya kumwonyesha mwenziwe, na atakayeonyesha ashukuriwe, hata akiwa amechelewa.

Jioni ile tulimsindikiza mzee hadi nyumbani, akamweleza mwanawe yote. Kijana hakucheka. Alimvutia baba yake kiti, akasema: “Baba, tuanze kwa kupiga simu benki.”

Wabillahi tawfiq.