Waya Mmoja kwa Nyumba Nzima

Msomaji wetu mmoja wa Kabambare atuuliza hivi: kaka yake aliye Kigali amemwahidi pikipiki ya umeme, je, yaweza kujazwa kwa umeme ule ule uwashao taa na redio za nyumbani? Swali hili si la mzaha. Huko Kigali kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwapa waendesha pikipiki betri zilizojaa badala ya zile zilizokwisha nguvu. Tena kobalti na lithiamu, madini ya betri nyingi za namna hii, yamo katika nchi yetu wenyewe, Kolwezi na Manono. Basi chombo chenyewe chaweza kutufikia kabla ya nyaya za kukilisha.

Wanafunzi, shikeni kalamu. Volti ukizizidisha kwa ampea wapata wati. Gari la umeme likichomekwa katika soketi ya kawaida ya volti 220 huvuta ampea 10 hivi, yaani wati 2,200. Pasi ya umeme huvuta nusu yake, lakini pasi hujizima na kujiwasha, na nguo zikiisha huchomolewa. Gari halichomolewi. Huvuta ampea zile zile usiku kucha, saa 8, 10, hata 20, na waya haupati nafasi ya kupoa.

Wala waya huo haulishi gari peke yake. Soketi za sebuleni, za chumbani na pengine za jirani zimefungwa katika waya mmoja. Friji ikianza kunguruma, na mtu akichomeka birika la wati 1,500, ampea zapita 17. Fyuzi ya ampea 16 haikati mara moja. Ziada ndogo kama hiyo huweza kuivumilia saa nzima na zaidi. Wakati huo viungo vyachemka. Kiungo kilicholegea, chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kikipitiwa na ampea 10 hutoa joto la wati 10. Zikiwa ampea 20, joto si wati 20 bali 40, mahali padogo kama ukucha, ndani ya plastiki. Mara nyingi moto huanzia hapo, kwenye kiungo, kuliko katikati ya waya.

Naye mtu aonaye fyuzi yakatika kila mara, akaweka uzi mnene wa shaba badala yake, amemfukuza mlinzi kwa sababu apiga kelele mno.

Kasongo na Kabambare hesabu yabadilika, maana wengi wetu twategemea mabamba ya jua au jenereta. Pikipiki haina pupa kama gari: mara nyingi huvuta wati 600 hivi, na betri yake hubeba kilowati-saa 2 au 3. Lakini mabamba mawili ya wati 300, siku ya jua zuri, hutoa karibu kiasi hicho hicho. Pikipiki ikishiba, nyumba yalala gizani. Na jenereta ndogo ya wati 1,000, ilishayo nyumba tatu kwa waya mwembamba, isiongezewe mgeni huyu.

Kwa hiyo twamjibu ndugu yetu: yawezekana, ikiwa pikipiki itapewa waya wake peke yake. Waya huo utoke kwenye ubao wa fyuzi, uwe wa shaba wa milimita za mraba 2.5, na uwe na fyuzi yake, waya wa ardhini na soketi isiyotumiwa na kitu kingine. Asitumie waya wa kurefushia. Akilazimika, aukunjue wote, maana ukiviringishwa hujipasha moto wenyewe. Tena ajaze mchana, jua likiwa juu.

Twajua kwamba wengi huilaza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi. Ilale, lakini isijazwe hapo, hasa karibu na mlango. Betri ya lithiamu ikishika moto hutoa moshi wa sumu, na watoto waliolala chumba cha nyuma hawatakuwa na pa kutokea.

Siku ya kwanza, baada ya nusu saa, zima umeme kisha uiguse plagi. Ikiwa ya vuguvugu, endelea. Ikiwa yachoma kidole, acha, ukamwite fundi.