Somo halisimamishwi mpakani, malipo yake ndiyo yanayokwama

Mfanyabiashara mdogo anayevusha mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anajua la kufanya akifika Namanga, Busia au Rusumo. Bidhaa yake ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo katika orodha iliyokubaliwa, anajaza cheti rahisi cha uasili, anasamehewa ushuru wa forodha na kuendelea na safari. Kodi nyingine za ndani zinaweza kumhusu, lakini njia yake inajulikana.

Binti yake aliyemaliza chuo akaanza kufundisha Kiswahili au Hisabati kwa simu na kompyuta, wanafunzi wakiwa nchi jirani, naye anavusha bidhaa. Tofauti ni kwamba bidhaa yake haina gunia, haina lori, wala haina dirisha la kuulizia. Hakuna anayemsimamisha, na hakuna anayemwelekeza. Ualimu wa mtandaoni sasa unatajwa sana kama ajira kwa vijana wetu, lakini ni wachache wanaoutazama kama biashara ya kuvuka mpaka. Tukiutazama hivyo, tutaona mahali penye faida na mahali penye shimo.

Soko limefunguka

Kiswahili kimepanda daraja kwa kasi katika miaka ya karibuni. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. SADC ilikiongeza katika lugha zake rasmi mwaka 2019. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi. Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Pia mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliingia katika Jumuiya.

Maamuzi hayo peke yake hayaleti mwanafunzi hata mmoja. Yanachofanya ni kuongeza idadi ya watu wenye sababu ya kulipia somo. Karani wa mizigo wa Kampala anayepokea simu kutoka Mwanza anahitaji Kiswahili cha kazi. Wakala wa forodha wa Dar es Salaam anayehudumia wateja wa Lubumbashi anahitaji Kifaransa, kwa kuwa nyaraka za serikali ya Congo zimeandikwa kwa lugha hiyo. Mfanyabiashara wa Bujumbura anayeagiza vitu Nairobi anahitaji Kiingereza cha ankara na mikataba. Anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo anahitaji Kichina kidogo cha bei na vipimo.

Wateja hawa wana sifa moja ambayo vijana wengi huidharau: wako karibu kwa saa. Lubumbashi, Goma, Kigali na Bujumbura zinapishana na Dar es Salaam kwa saa moja tu. Mwanafunzi wa London akitaka kusoma saa moja jioni baada ya kazi, kwetu huwa saa nne usiku katika miezi yao ya baridi. Wa New York akitaka muda huohuo, mwalimu wa Arusha ataamka saa tisa usiku. Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo, lakini ni gharama inayopaswa kuingia katika hesabu kama nauli inavyoingia katika bei ya nyanya.

Hesabu ya dalali

Anayeanza huelekezwa kwenye majukwaa ya kimataifa kama Preply na italki. Hayo ni masoko, na kila soko lina ushuru wake. Kwa kanuni za Preply, mwalimu mpya hukatwa asilimia 33 ya kila somo, na makato hushuka hatua kwa hatua hadi asilimia 18 kadiri saa alizofundisha zinavyoongezeka. Somo la kwanza la majaribio kwa kila mwanafunzi mpya huchukuliwa lote na jukwaa. italki hukata asilimia 15.

Tupige hesabu. Mwalimu ameweka bei ya dola 10 kwa saa. Amepata wanafunzi watano na kufundisha saa 20 za kulipwa kwa makato ya asilimia 33. Mauzo ni dola 200, jukwaa linachukua 66, anabaki na 134. Ongeza masomo matano ya majaribio, tukihesabu kila moja kama saa. Amefanya kazi saa 25 kwa dola 134, yaani dola 5 na senti 36 kwa saa, si 10. Hapo bado hajatoa bando, umeme na gharama ya kutoa fedha.

Hii haina maana kwamba jukwaa ni mwizi. Dalali wa mazao naye hukata chake kwa sababu anamjua mnunuzi. Jukwaa linaleta mteja, linakusanya malipo na kumzuia mwanafunzi asikimbie na deni. Swali la mfanyabiashara ni lilelile la sokoni: je, baada ya kumjua mnunuzi, utabaki kwa dalali daima? Masharti ya majukwaa haya yanakataza kumhamishia nje mwanafunzi uliyempata humo, na anayekiuka huweza kufungiwa. Njia salama ni kuyatumia kujifunza kazi na kujenga jina, huku ukitafuta wateja wako wa ukanda huu kwa njia zako: vyama vya wasafirishaji, maduka ya jumla, shule binafsi za mipakani, na wazazi wanaokufahamu.

Ushindani nao si wa walimu pekee. Duolingo imekuwa na kozi ya Kiswahili tangu 2017, na haitozi kuanza. Programu za akili mnemba nazo zinasahihisha sarufi usiku na mchana. Mwalimu anayeuza salamu na ngeli tu atashindana na kitu cha bure. Kinachouzika ni kile kisichopatikana humo. Programu haitamkalisha mgeni imweleze lumbesa ni nini na kwa nini ikimpita inamla faida, au kwamba viazi mviringo vya Njombe vikifika sokoni Nairobi vitaitwa waru. Watoto wa wafanyabiashara wana ujuzi huo, hata wasipojua kwamba ni mtaji.

Soko la mbali linaweza kufungwa

Wasomaji wetu wanaikumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Malori yalikwama, na aliyeweka mtaji wote katika mahindi ndiye aliyeumia zaidi.

Miezi minne baadaye, Julai 2021, biashara ya masomo ya mtandaoni ilipata pigo lake. China ilipiga marufuku masomo ya ziada ya faida katika masomo ya msingi ya shule, na ikazuia kuajiri walimu wa kigeni walio nje ya nchi hiyo kufundisha watoto wake. Kampuni ya VIPKid, iliyokuwa ikiwaunganisha watoto wa China na walimu wa Kiingereza wa Amerika Kaskazini, ililazimika kuachana na kazi hiyo. Maelfu ya walimu waliokuwa na mteja wa nchi moja walibaki bila mteja.

Funzo ni moja kwa mahindi na kwa somo: usitegemee mnunuzi mmoja, nchi moja wala jukwaa moja.

Kwa upande mwingine, somo la mtandaoni linapita mahali ambapo milango mingine inabanwa. Agizo la Tanzania la Julai 2025 liliwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, uwakala wa forodha na ununuzi wa mazao shambani, na Kenya ililalamika. Kufundisha mtandaoni hakumo katika orodha hiyo, wala hakuhitaji fremu upande wa pili.

Malipo na karatasi

Shimo kubwa ni malipo. Mkenya anaweza kupokea fedha kwa PayPal na kuzihamishia M-Pesa tangu 2018, ilhali kwa miaka mingi akaunti ya Mtanzania imekuwa ya kutuma tu. Ndani ya ukanda, M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya ziliunganishwa mwaka 2015, lakini mwanafunzi wa Goma na mwalimu wa Kigoma bado wanahesabu makato na kubadili fedha kabla ya kukubaliana bei. Somo la bei ndogo likikatwa mara mbili njiani, faida imekwisha. Ndiyo maana ni busara kuuza masomo kwa fungu la mwezi, si moja moja. Na kwa Tanzania, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei kwa fedha za kigeni kwa huduma inayouzwa ndani ya nchi. Mwanafunzi wa Mbeya atozwe shilingi.

Upande wa sheria, Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu huduma kutolewa kutoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine, na elimu ni miongoni mwa sekta saba ambazo nchi tano za awali ziliahidi kuzifungua. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana taaluma. Walimu hawamo humo. Kwa Kiswahili, BAKITA hutoa mafunzo ya kufundisha wageni na huwa na kanzidata ya wataalamu, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar. Hao ndio wangefaa kuanza kuandaa cheti kimoja kinachokubalika kutoka Mombasa hadi Bukavu.

Serikali zetu ziliona kwamba mama wa mpakani hawezi kubebeshwa karatasi za kampuni kubwa, zikampa utaratibu mwepesi. Mwalimu wa mtandaoni anastahili fikra hiyohiyo: maelezo ya kodi ya ukurasa mmoja, kiwango cha huduma ndogo ya kuvuka mpaka, na njia ya malipo isiyomla.

Hadi hilo litimie, mzazi mwenye kijana anayetaka kuanza amfundishe anachokijua yeye mwenyewe. Awe na namba ya mlipakodi. Akifundisha watoto, mzazi wa mtoto ajue saa ya somo na aweze kukaa karibu. Aandike kila saa, kila makato na kila deni, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Miezi mitatu ya kwanza asihesabu wanafunzi, ahesabu kilichobaki mkononi kwa kila saa aliyokaa mbele ya kioo. Kisipozidi kile ambacho angepata kwa siku moja dukani, abadilishe soko au abadilishe somo, kama ambavyo mzazi wake angebadilisha bidhaa.