Wakibisha Mlango Usiku

Katika sala za nyumbani huku Lubumbashi swali moja linarudi kila mara: watu wenye silaha wakibisha usiku na kusema wanakuja kupekua, tufungue ao hapana?

Tuanze na sheria, maana wengi wetu hatujaisoma. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayavunjwi. Kuyapekua kunaruhusiwa tu kwa njia iliyopangwa na sheria. Njia hiyo iko katika dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya mwenendo wa mashtaka. Isipokuwa mtu amekamatwa akitenda kosa, ao mwenye nyumba amekubali mwenyewe, lazima kuwe na amri kutoka parke. Saa pia zimewekwa: upekuzi hauanzi mbele ya saa kumi na moja ya alfajiri wala kiisha saa tatu ya usiku, mpaka mwamuzi aruhusu.

Ndugu zetu wa Nord-Kivu na Ituri waliwekwa chini ya kanuni nyingine. Ordonansi ya tarehe 3 Mei 2021 iliwapa wakubwa wa jeshi uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku. Utawala huo wa dharura ulianza kwa siku 30, kisha ukaongezwa siku 15, na tena 15, mara nyingi sana. Tunaelewa vita iliyouleta. Lakini wezi wanaovaa mavazi ya askari wanafurahi wapi kama si mahali ambapo raia hazoei tena kuomba karatasi? Na polisi mwaminifu anapata hasara pia, kwa sababu hakuna kinachomtofautisha naye mwizi pale mlangoni.

Kumbukumbu la Torati 24 linamkataza mkopeshaji kuingia katika nyumba ya mdeni wake kuchukua rehani. Asimame nje, mdeni amletee. Deni ni la kweli, na bado kuna kizingiti.

Siku hizi kizingiti kingine kiko mfukoni. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya barua na simu, lakini barabarani tunaambiwa tu, "Fungua simu tuone." Sisi wachungaji tufikiri vizuri hapo: ndani ya simu zetu kuna mama aliyetuandikia juu ya ndoa yake, na kijana aliyeungama wizi. Siri hizo si zetu kuzitoa. Tuwe na desturi ya kufuta ujumbe wa namna hiyo.

Mlangoni, tuulize kwa heshima: ninyi ni nani, amri iko wapi? Tumwite jirani ao shefu wa avenyu awe shahidi. Wamama wanatuuliza: na kama wana bunduki bila karatasi? Tunawajibu: mama, fungua, usipigane nao. Asubuhi tutakwenda pamoja nawe parke kuandikisha mashtaka.