Maduka ya malori ya Uingereza: ni nani hasa aliyeyaua?

Kila tukikaa barazani baada ya sala ya Alasiri, haupiti muda ila mazungumzo yataangukia magari. Wazee wenzangu waliochukua mizigo kutoka Kilindini huanza kutaja majina ya malori ya zamani: Bedford, Leyland, Albion, AEC. Kisha huulizana malori hayo ya Kiingereza yalikwenda wapi, na jawabu huwa lile lile, kwamba yaliuawa na Waswidi na Wajapani. Mimi jawabu hilo silikubali, na leo naomba nafasi niseme kwa nini.

Sisemi kwa kuhadithiwa. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1980 nilifanya kazi katika stoo ya spea ya wakala mmoja wa malori, katika mji mdogo wa Lancashire, kaskazini-magharibi ya Uingereza, si mbali na Preston. Nilikwenda huko nikiwa kijana wa miaka 21 kusomea ufundi wa magari. Jina la wakala huyo na la kiwanda kilichomletea malori nitayasitiri, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza si mazuri, na lengo langu si kumwaibisha mtu.

Nikisema duka la malori, msomaji asifikirie jumba la vioo lenye vijana waliovaa tai. Lilikuwa ni ua mkubwa uliomwagwa kokoto, gereji yenye mashimo matatu ya kuingia chini ya magari, na stoo ya spea iliyokuwa na meza ndefu ya mbao, ambayo miaka mingi ya viwiko vya madereva ilikuwa imeilainisha kama ubao wa chuoni. Mwenye duka alikaa nyumba iliyoelekea mlango wa ua. Babu yake alikuwa mhunzi wa kupiga viatu vya farasi, baba yake akauza baiskeli na pikipiki, na yeye ndiye aliyeingia katika malori. Juu ya lango paliandikwa majina mawili. La ukoo wake lilikuwa juu kwa herufi kubwa, na la kiwanda lilikuwa chini yake. Nawaomba wasomaji wayakumbuke majina hayo mawili, maana hadithi yangu yote imo humo.

Mnunuzi wa lori siku zile hakuja akanunua kama anunuavyo redio. Alikaa akaulizwa: utachukua nini? Makaa ya mawe, maziwa, ng'ombe, au matofali? Utapita njia za milima au barabara kuu? Wakala ndiye aliyemshauri achague injini gani na difu ya namna gani. Kiwanda kilileta chesisi na kebini tu. Bodi ilijengwa na mafundi wa mji ule ule, nyingine kwa mbao, sawasawa na vile mafundi wetu wa Mombasa walivyokuwa wakiijenga bodi juu ya chesisi iliyoteremshwa bandarini. Mwisho aliitwa mchoraji, mtu mwenye mkono usiotetemeka, akaandika mlangoni jina la mwenye lori na mji wake kwa rangi ya dhahabu. Kwa hivyo lori moja lilikuwa limewalisha watu wengi wa mtaa kabla halijachukua hata gunia moja.

Siku kubwa ya mwaka ilikuwa tarehe mosi Agosti. Tangu mwaka 1967, siku hiyo ndiyo iliyobadilishwa herufi ya mwaka katika namba za magari, na kila mwenye lori alitaka aonekane na herufi mpya mbele ya jirani yake. Mwaka 1974 ilikuwa ni herufi N. Ua wetu ulijaa malori tangu Julai, na sisi tukafanya kazi mpaka usiku. Madereva waliotuletea malori kutoka kiwandani walikuja na namba za muda, zenye maandishi mekundu juu ya bamba jeupe. Wakishakabidhi lori huzifungua namba hizo, wakasimama kando ya barabara wamezishika mkononi, na dereva yeyote aliyeziona alijua huyu ni mwenzetu, akampa lifti ya kurudi.

Mapenzi ya watu kwa malori yao yalikuwa kama mapenzi ya watu wetu kwa timu za mpira. Albion ya Glasgow ilikuwa na alama ya jua linalochomoza. Bedford, iliyotengenezwa na Vauxhall chini ya General Motors ya Marekani, ilikuwa na yule mnyama wa hekaya, nusu tai na nusu simba. Katika mji mmoja mdogo wa Sandbach, Cheshire, kulikuwa na viwanda viwili vya malori, Foden na ERF, na hiki cha pili kilianzishwa mwaka 1933 na Edwin Richard Foden, mtu wa ukoo wa kile cha kwanza. Mimi nimewaona wanaume wazima wakinuniana kwa sababu ya injini ya Gardner.

Mkuu wangu wa stoo alikuwa mzee Mkristo, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza aliponiona natafuta mahali pa kusali Adhuhuri, alihamisha masanduku ya gasketi pembeni, akafagia, akasema hapo ni pako. Januari mwaka 1974, serikali ilipoamuru viwanda na biashara zitumie umeme siku tatu tu kwa juma kwa sababu ya mgogoro wa wachimba makaa, tulitafuta spea kwa kandili, na yeye hakuacha kuniachia ile pembe yangu. Ramadhani ya mwaka ule iliingia Septemba, na kila tulipochelewa kazini aliniwekea mkate na kikombe cha chai kando ya dirisha, akatazama nje jua linavyokuchwa kuliko nilivyolitazama mimi. Nayataja haya kwa sababu tabia ile ile ndiyo waliyokuwa nayo na wateja wao. Kwao mtu aliyeingia langoni alikuwa amana.

Sasa nifike penye uchungu.

Mwaka 1975 alikuja mteja wetu wa zamani, mtu mwenye malori mawili tu, moja akiliendesha yeye na la pili mwanawe. Alitaka la tatu. Mwenye duka alimwambia chukua hili jipya la kiwanda, ni zuri. Akachukua, kwa neno hilo tu na kupeana mkono. Haukwisha mwezi wa tatu, gasketi ya injini ikaungua, maji yakaingia katika oili. Tukatengeneza. Baada ya majuma machache ikaungua tena. Lori lile lilirudi kwetu kwa kuvutwa mara nne. Kila lilipokuwa shimoni, mwenye duka alimpa mtu yule lori letu la ua alitumie bure, na mara mbili alimlipia mshahara wa dereva kwa mfuko wake. Kiwandani alipeleka barua baada ya barua. Mimi ndiye niliyezitia katika bahasha. Jawabu lilikuja baada ya miezi, nalo lilisema dereva hajui kuendesha.

Baadaye tulipata kujua kwamba lori lile halikuwa peke yake. Mengine ya namna ile yaliharibika vivyo hivyo. Hapo ndipo mwenye duka alipofanya jambo lililowashangaza watu. Kila aliyekuja kulitaka lori la namna ile, alimpeleka shimoni, akamwonyesha injini iliyofunguliwa, akamwambia: aibu yake ni hii, ukilitaka nitakuuzia, lakini usiseme sikukwambia.

Sisi tuliosoma chuoni twajua hukumu ya jambo hili. Muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa hana ruhusa kuificha, na mnunuzi aliyeuziwa chenye aibu bila kujua ana khiyari ya kukirudisha. Mzungu yule hakusoma fiqhi hata ukurasa mmoja, lakini nilimwona kwa macho yangu akiitenda. Na nilimwona pia mjumbe wa kiwanda alipokuja, mtu wa suti, akamwambia mbele yangu kwamba kazi ya wakala ni kuuza, si kufungua injini mbele ya wateja. Mwenye duka alimjibu kwamba jina lililo juu ya lango si la kiwanda.

Yule mteja wa malori mawili alivumilia karibu mwaka na nusu. Siku moja alikuja bila lori, amevaa kofia ya kwendea kanisani, akasimama mbele ya meza ya stoo. Alikuja kuaga. Alikuwa ameagiza lori la Kiswidi kwa wakala mwingine. Alilipa deni lake lote, hata shilingi chache za taa ambazo sisi tulikuwa tumezisahau, na yeye na mwenye duka wakakaa kimya muda mrefu kama watu walio matangani. Sikupata kusikia neno baya baina yao.

Tazama basi. Ni kweli kwamba mtu yule alikwenda kwa Waswidi. Volvo ilikuwa imeanza kuuza malori Uingereza mwaka 1967, na kebini zake zilikuwa na joto, na kitanda cha dereva, na gia zisizohitaji ubingwa. Lakini Waswidi hawakumtoa kwetu. Walimkuta njiani, ameshatoka. Aliyemtoa ni kiwanda kilicholitumia jina la mwenye duka kama mtu atumiavyo mali ya kukopa, asitie akilini kwamba iko siku ya kulipa.

Na haya hayakuwa ya duka letu tu. Leyland ilinunua Albion mwaka 1951, Scammell mwaka 1955, na AEC mwaka 1962. Mwaka 1968 ikaunganishwa na watengenezaji wa motokaa ndogo, likawa shirika moja kubwa la British Leyland, ambalo serikali ililazimika kulichukua mwaka 1975 lisianguke. Kila viwanda vilipounganishwa, mawakala walipunguzwa, na maamuzi yakazidi kuwa mbali na watu wanaochafua mikono. Kiwanda cha AEC huko Southall kilifungwa mwaka 1979, cha Guy huko Wolverhampton mwaka 1982, na cha Scammell huko Watford mwaka 1988. General Motors ikaacha kutengeneza malori makubwa ya Bedford mwaka 1986, na mawakala wengi waliokuwa wameliweka jina hilo langoni maisha yao yote wakabaki na lango tupu. Jina la Foden lilikoma mwaka 2006, na la ERF mwaka uliofuata. Katika mji wa Leyland malori yangali yanatengenezwa mpaka leo, lakini yanaitwa DAF, na mwenye mali tangu mwaka 1998 ni Paccar ya Marekani.

Sitaki kuyasifu mambo ya kale kupita kiasi. Sisi wenyewe wa madukani tulikuwa na makosa. Jumamosi adhuhuri tulifunga, na lori likikwama njiani saa moja baadaye lilingoja mpaka Jumatatu, hali Waswidi waliitikia simu hata usiku. Madereva walipolalamika baridi ya kebini, tuliwacheka. Tuliwaambia kwamba joto ni la wanawake na watoto. Nami nilicheka pamoja na wenzangu, mimi mtu wa Mombasa niliyevaa sweta mbili ndani ya ovaroli! Kiburi kile kilitugharimu. Lakini kiburi ni ugonjwa unaotibika, na mwenye duka aliye jirani hutibiwa haraka, kwa sababu mteja wake atamkuta sokoni amwambie usoni. Kiwanda kilicho mbali hakina wa kukiambia.

Mwenye duka alirudisha uwakala mwaka 1980. Alimwita yule yule mchoraji aliyekuwa akiandika milango ya malori, akapanda ngazi, akalifuta jina la chini kwa rangi ya kijani. La juu aliliacha. Gereji iliendelea kutengeneza malori ya watu, ya kila kabila la kiwanda, na kazi haikukosekana, ila stoo haikuhitaji tena watu wawili. Mimi nikarudi nyumbani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba kibaya hakijitembezi kwa miguu yake, hukopa miguu ya mtu mwema. Hapa kwetu nako, tangu Mwembe Tayari mpaka Kongowea, wako wengi wenye maduka ambayo juu ya mlango pana majina mawili, la kwao na la kampuni ya mbali. Kampuni ikifa huzaliwa nyingine kwa jina jingine. Jina la baba yako halina jingine. Anayekuletea bidhaa ya kuuza, mwulize kwanza kama yuko tayari kuirudisha ikiwa na aibu. Akisita, basi ujue anachokitaka kwako ni jina lako.

Wazee wenzangu wa barazani wakiniuliza tena ni nani aliyeyaua malori ya Kiingereza, nitawajibu hivyo. Hayakuuawa na mgeni. Watu waliyaamini kwa dhamana ya mawakala wa mitaani, na siku dhamana ile ilipotumiwa yote bila kurudishwa, hakuna aliyebaki wa kuwadhamini.