Msitulaumu Sisi Wanagenzi, Wekeni Kiraka Kwanza

Wasee, leo sina vicheko. Kuna uongo mmoja tunalishwa kila tukiingia ofisi mpya, na mimi nimechoka nao. Ati hatari kubwa ya usalama wa kompyuta kwenye kampuni ni kijana wa miaka 21 anayeweza kubonyeza linki mbaya. Basi unakalishwa kwenye mafunzo ya saa mbili, unaonyeshwa picha ya mdukuzi amevaa hudi nyeusi, kisha unasaini karatasi kwamba ukikosea, shauri yako. Mwishowe bosi anafunga kikao na ile sentensi yake tamu: "Sisi hapa tuko salama, tuna antivairasi."

Sawa bosi. Na hiyo antivairasi yenyewe, nani anailinda?

Acha nieleze, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Kwa laptopu yako ya nyumbani, antivairasi ni programu tu imekaa pembeni. Kwa kampuni mambo ni mengine. Kuna seva moja inayosimamia antivairasi za mashine zote. Mtu wa IT anafungua dashibodi yake kwenye brauza, na kutoka hapo anatuma sasisho, anabadilisha mipangilio, hata anasakinisha programu kwenye kompyuta 500 bila kuinuka kitini. Na kwa kuwa antivairasi lazima ichungulie kila faili, inapewa ruhusa za juu kabisa kwenye kila mashine. Ni kama soja wa ploti aliyekabidhiwa funguo za keja zote. Hakuna shida, mpaka siku mtu amnyang'anye zile funguo.

Namna mbaya zaidi ya kunyang'anywa ni udhaifu unaomruhusu mtu aendeshe amri zake ndani ya seva yako akiwa mbali. Yuko nchi nyingine, hakujui, hana paswadi yako. Anatuma ombi lililotengenezwa kwa ujanja, seva inalimeza, na amri zilizofichwa ndani zinatekelezwa. Hakuna linki iliyobonyezwa. Hakuna mwanagenzi aliyekosea. Soja ameshikwa, na ploti nzima iko wazi.

Msiseme ni sinema. Mapema Agosti 2025, Trend Micro, kampuni ya Japani inayouza programu za usalama dunia nzima, ilitangaza mashimo mawili kwenye Apex One, lile toleo linalokaa kwenye seva ya mteja mwenyewe. Yalipewa nambari CVE-2025-54948 na CVE-2025-54987, na alama ya hatari ya 9.4 kati ya 10. Mtu aliyeweza kuifikia dashibodi angepakia msimbo wake na kuendesha amri bila hata kuingia kwa paswadi. Na haikuwa nadharia: kampuni yenyewe ilisema imeona angalau jaribio moja la kushambulia kwa njia hiyo. Kwanza wakatoa dawa ya muda, ambayo ilizima uwezo wa kusakinisha antivairasi kwenye mashine kutoka kwa dashibodi. Kiraka kamili kikafuata katikati ya mwezi.

Sasa angalia waliojali walifanya nini. Tarehe 18 Agosti, CISA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao, liliiweka CVE-2025-54948 kwenye orodha yake ya mashimo ambayo tayari yanatumiwa na washambuliaji. Idara za serikali kuu zikapewa mpaka tarehe 8 Septemba ziwe zimeziba. Wiki 3 tu. Hakuna "tutaliweka kwenye bajeti ya mwaka ujao."

Huku kwetu? Nimekaa kwenye ofisi moja, sitaitaja, ambapo dashibodi ya antivairasi ilikuwa inakukumbusha kwa maandishi mekundu kwamba ina sasisho la kuwekwa, na kila mtu alikuwa ameyazoea yale maandishi kama mtu anavyozoea kengele ya gari la jirani. Na ofisi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa na bango ukutani: "Fikiri kabla ya kubonyeza." Sisi ndio tufikiri?

Nawajua mtakaonijibu. Wa kwanza atasema, "Kijana, ukiweka kiraka ovyo mfumo unaanguka. Umesahau CrowdStrike?" Sijasahau. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft. Ndege zikakwama, hospitali zikahangaika. Lakini somo la siku ile ni kwamba sasisho lijaribiwe kwa mashine chache kwanza, likitulia ndio liende kwa wote. Kazi hiyo ni ya siku chache. Kukaa miezi sita mikono mfukoni si tahadhari, ni uvivu uliovaa tai.

Na miezi sita sijaitoa hewani. Mwishoni mwa Mei 2006, udhaifu wa aina hii ulijulikana kwenye antivairasi ya Symantec ya makampuni. Kiraka kilitoka ndani ya siku chache. Ikafika Novemba, karibu nusu mwaka baadaye, programu hasidi inayojisambaza yenyewe ikaanza kupenya kwenye mitandao kupitia shimo lile lile. Iliwapata kina nani? Waliokuwa bado hawajaweka kiraka. Dawa ilikuwepo, bure kwa mteja, imekaa inawangoja. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa hata saruji walikuwa wameletewa mlangoni.

Wa pili atasema, "Na kama shimo linatumiwa kabla kiraka hakijatoka?" Hilo ni swali la maana, na jibu lake linauma zaidi. Januari 2020, Mitsubishi Electric ya Japani ilitangaza kwamba ilidukuliwa. Baadaye ilieleza kwamba washambuliaji walipitia seva ya kusimamia antivairasi, wakitumia udhaifu ambao wakati huo haukuwa na kiraka. Taarifa za watu 8,122 huenda zilivuja. Kati ya hao, 1,987 walikuwa watu waliotuma maombi ya kazi, wakiwemo wahitimu wapya. Soma tena hapo. Walikuwa watu kama mimi na wewe, wametuma CV wakingoja kuitwa, na pengine hawakukanyaga mlango wa kampuni hiyo hata siku moja. Jina lako linachukuliwa kupitia kwa mlinzi wa nyumba ambayo hata hukukaribishwa.

Kwa hivyo kiraka peke yake hakitoshi. Lazima pia umfiche soja. Dashibodi ya kusimamia antivairasi haina sababu yoyote ya kuonekana kwenye intaneti kwa kila mpita njia. Iweke ndani, ruhusu kompyuta mbili tatu za watu wa IT pekee ziifikie, na uwe na mtu anayeangalia kumbukumbu za seva kuona kama kuna amri za ajabu zimepita. Ukifanya hivyo, hata shimo jipya likitokea kesho, mshambuliaji lazima kwanza atafute njia nyingine ya kuingia uani. Unakuwa umejinunulia muda mpaka kiraka kitoke.

Na tafadhali, hapa simlaumu yule jamaa wa IT. Mara nyingi ni mtu mmoja. Yeye ndiye anatengeneza printa, yeye ndiye anaunganisha Wi-Fi ya bosi, yeye ndiye anaitwa projekta ikikataa. Akiomba saa moja ya kuzima seva Jumamosi usiku ili aweke kiraka, anaambiwa "si sasa, tuko mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukipita, ni ukaguzi. Ukaguzi ukipita, ni likizo. Lawama yangu iko juu, kwa yule mwenye saini. Alipata pesa za kununua leseni ya antivairasi, akapiga picha na muuzaji, lakini hana saa moja ya kuitunza.

Hii si habari ya watu wa kompyuta peke yao. Fikiria ni nani ana data yako saa hii. Chuo kina nambari yako ya kitambulisho na ya mzazi wako. Hospitali ina majibu ya vipimo vyako. Sacco ya mama ina akiba yake yote ya miaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data zetu aweke hatua za kiufundi za kuzilinda, na data ikifikiwa na wasiohusika kukiwa na hatari ya madhara, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Shida ni kwamba aliyenyang'anywa antivairasi anaweza asijue chochote, maana aliyekuwa amwambie ndiye aliyeshikwa. Saa 72 zinaanza lini kama kengele yenyewe imezimwa?

Kwa hivyo nina ombi kwa kila mwanagenzi, kila mtu wa kazi ya kwanza. Siku ile ya mafunzo, wakimaliza kukutisha na linki na kukuuliza kama una swali, inua mkono. Uliza kwa heshima kabisa: Seva yetu ya antivairasi iliwekwa kiraka lini mara ya mwisho? Dashibodi yake inaonekana kutoka nje? Kikitoka kiraka cha dharura leo, nani ana ruhusa ya kukiweka bila kungoja kikao?

Akikujibu kwa tarehe na jina, mpe heko, uko mahali pazuri, na linki nazo uziangalie kwa makini kama ulivyofunzwa. Akianza kukohoa na kuangalia saa, basi ujue hatari ya ile ofisi si wewe. Na ile karatasi anayotaka usaini, mwambie aanze kusaini yeye.